Iziauti imekatikia ndani ya stadi ya hedi: itolewe vipi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Probox yenye injini ya 1NZ-FE. Nilikuwa nabadilisha gasketi ya manifodi ya ekzosi, stadi (bolti isiyo na kichwa) ya pembeni kabisa upande wa silinda ya nne ikakatika usawa wa hedi. Nikaitoboa kwa biti ya milimita 3.5, nikagongea iziauti namba 2, kile kijiti cha msokoto cha kutolea bolti zilizokatika, na kuizungusha kwa mpini wa tepu (kifaa cha kukatia tredi). Iliuma vizuri, ikalia kidogo, mara ikakatika. Kipande kimebaki ndani, kimezama kama milimita 2. Nimejaribu kukitoboa kwa biti ya kobalti, inateleza tu. Fundi mmoja ananiambia nikazane kutoboa, mwingine anasema nitafute hedi ya mtumba. Injini bado iko kwenye gari. Nifanyeje?

JIBU: Hedi usinunue, na hiyo drili iweke chini kwanza. Waliokushauri wamekosea wote wawili, ila aliyekwambia ukazane kutoboa amekosea zaidi, maana ushauri wake ndio utakaokufikisha kwenye kununua hedi. Iziauti ni chuma kilichokaushwa kikawa kigumu sana. Biti ya kobalti nayo ni ngumu, lakini ikishikwa kwa mkono haitulii: inaserereka juu ya kipande kigumu na kutafuta palipo laini. Palipo laini ni stadi, na baada ya stadi ni alumini ya hedi. Dakika tano za ubishi zinatosha kuchimba shimo la pembeni ambalo hata karakana nzuri italazimika kulijaza kwa welding ya gesi ya agoni kabla ya kulitoboa upya.

Tuanze na sababu ya kukatika, kwa kuwa ndiyo inayoamua njia ya kutokea. Stadi ya M8 (ya milimita 8), ukiondoa tredi, yaani meno yake, ina kiini cha milimita 6.6 hivi. Iziauti uliyoingiza kwenye tundu la milimita 3.5 ilikuwa na unene kama huo pale ilipokatikia. Uwezo wa chuma kuhimili kusokotwa hupungua haraka kuliko unene wake: unene ukipungua nusu, uwezo unabaki moja ya nane. Kwa vipimo vyako iziauti ilikuwa na takriban moja ya saba ya uwezo wa stadi. Hata tukisema chuma chake kina nguvu mara mbili, bado haifiki theluthi. Sasa kama stadi nzima ilikubali kukatika kuliko kuzunguka, kijiti hicho kingeshindaje? Tena iziauti ya msokoto ni kabari. Kila unavyoizungusha inazama na kuutanua ukuta wa stadi, ukuta nao unabana zaidi kwenye tredi zilizokwisha kushikwa na kutu. Kifaa hiki kinafaa bolti iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi au kwa kugongwa, ambayo tredi zake bado ziko huru. Stadi ya ekzosi iliyopikwa na moto miaka kumi si kazi yake, hata kama pakiti imeandikwa hivyo.

Kwa hiyo una matatizo mawili katika shimo moja: kipande kigumu kilichobanwa ndani ya stadi, na stadi iliyoganda ndani ya hedi. Njia nzuri ni ile inayotatua yote mawili kwa pamoja, na iko: kuchomelea nati. Kabla ya hapo kuna jaribio moja la bure.

Andaa sehemu kwanza. Tundu za ekzosi zilizo wazi kwenye hedi zizibe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kikubwa kiasi cha kutoweza kumezwa, na ukumbuke idadi ya vitambaa. Valvu ya ekzosi ikiwa wazi, tundu hilo ni njia ya moja kwa moja kwenda kwenye silinda, na chembe ya iziauti ikitua juu ya pistoni hutakuwa na kazi ya stadi tena. Safisha shimo kwa dawa ya kusafishia breki, ulipulize, kisha uangalie kwa tochi na kioo kidogo cha mkono. Kwenye Probox manifodi imetazama ukuta wa dashibodi, kwa hiyo macho hayafiki. Piga picha kwa simu na uikuze. Unachotafuta ni mambo matatu: kipande kiko katikati ya stadi au kimeegemea upande, ukuta wa stadi uliobaki ni mnene kiasi gani, na ile biti ya kobalti imekwisha kuila alumini au bado.

Jaribio la bure ni hili. Msokoto wa iziauti ni wa kushoto. Uliizungusha kinyume na saa ili izame. Maana yake inatoka kwa kuzungushwa kama saa, upande ule ule wa kukazia bolti. Watu wengi huendelea kuigonga upande wa kulegezea na kuikandamiza zaidi bila kujua. Chukua panchi yenye ncha kali, au msumari wa zege ulionolewa, uiweke kwenye ukingo wa kipande, na ugonge kidogo kidogo kwa nyundo ya gramu 200 kuelekea upande wa saa. Ukiona kimecheza hata nusu milimita, endelea, kitalegea na kutoka kwa kibano au sumaku. Kama hakijacheza baada ya mapigo kumi na tano hivi, acha. Usihamie nyundo kubwa, kwani alumini inayozunguka stadi hupasuka bila kutoa taarifa.

Kuna wanaopendekeza kukipasua kipande hicho hicho kwa pigo moja kali la wima. Ni kweli iziauti za bei rahisi ni kama kioo na huvunjika vipande, na kwenye bloku ya chuma cha kumimina njia hiyo haina shida. Kwenye hedi ya alumini, stadi ya pembeni kabisa, karibu na ukingo wa flanji, siipendekezi. Ukiamua kuifanya, vaa miwani ya kazi. Vipande hivyo huruka, na jicho halina spea.

Sasa nati. Inavyofanya kazi: unajaza chuma cha welding juu ya stadi na kile kipande, vinakuwa kitu kimoja, kisha unavishikiza kwenye nati ambayo spana inaikamata. Chuma hakishikani na alumini, kwa hiyo ukigusa ukuta wa hedi kwa bahati mbaya unaacha doa tu, hujaunganisha kitu. Na faida kubwa zaidi kuliko kupata mahali pa kushika ni joto lenyewe. Stadi inapata moto mkali, inataka kutanuka, haina nafasi, inajikandamiza. Ikipoa inasinyaa na kuachana na kutu iliyoishika.

Kabla ya kuwasha mashine chomoa waya hasi wa betri, chomoa soketi za kontroli boksi (kompyuta) ya injini, na uchomoe sensa ya oksijeni. Klempu ya ethi ibane kwenye hedi yenyewe, karibu na kazi, kamwe si kwenye bodi ya gari. Ukiiweka mbali umeme utajitafutia njia kupita kwenye beringi na nyaya za ethi za injini. Ukuta wa dashibodi una sponji ya kuzuia sauti inayoshika moto, na karibu yake kuna bomba za breki na mipira ya hita. Weka bati, na nyuma ya bati gunia lililoloweshwa. Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu wa pili, si ndani ya stoo.

Mashine nzuri ni ya waya, ile ambayo kwenye gereji za bodi inaitwa CO2, yenye waya wa milimita 0.8. Stadi yako imezama kidogo, kwa hiyo usianze na nati. Anza kwa kulenga waya katikati kabisa, juu ya kipande cha iziauti, na kupiga doa la sekunde moja au mbili. Acha, piga jingine juu yake. Baada ya madoa matatu au manne utakuwa na kichuguu kidogo kilichopanda hadi usawa wa hedi au kupita. Hapo weka washa ya chuma, ichomelee kwa ndani, kisha nati ya M8 juu ya washa, na ujaze tundu la nati kutoka chini kwenda juu. Usichomelee nati kwa nje; haisaidii kitu, nguvu yote iko ndani ya tundu. Nati iwe nyeusi isiyo na rangi ya zinki. Zinki inatoa moshi wenye sumu na inafanya welding kuwa na vitundu, kisha nati inabanduka kwa mkono.

Kama unachopata ni mashine ya rodi tu, inawezekana, ila inataka mkono uliotulia. Tumia rodi ya milimita 2.5 kwa ampea 70 hadi 90. E6013, ambayo ndiyo inayojaa madukani, itafanya kazi. E7018 iliyokaushwa vizuri ni bora kwa sababu chuma chake kinavumilia kusokotwa zaidi. Baada ya kila doa ondoa taka za rodi kwa ncha ya chuma, kwani doa la pili juu ya taka halishiki.

Baada ya kuchomelea, subira. Usimwagie maji. Ngoja wekundu uishe na nati ifike mahali ambapo mate hayachemki juu yake, kisha gusisha mshumaa kwenye mpaka wa stadi na hedi. Nta inayeyuka na kunyonywa kuingia kwenye tredi, inafanya kazi vizuri kuliko mafuta ya kupuliza ambayo juu ya chuma cha moto yanageuka moshi. Sasa weka spana na ufanye jambo ambalo mkono utalikataa: kaza kwanza, kidogo sana, kama sehemu ya nane ya mzunguko. Kisha legeza. Nenda na kurudi, nusu inchi mbele, robo nyuma. Ukisikia mlio mkavu wa kukwaruza, ni kutu inayosagika, ongeza nta. Ukisikia spana inalegea kama chuma kinachovutika bila mlio, simama, nati inabanduka.

Nati kubanduka mara ya kwanza ni kawaida kabisa. Usikate tamaa wala usidhani njia imeshindwa. Saga palipobaki, weka nati nyingine. Kila raundi inaongeza mzunguko mmoja wa moto na kupoa, na mara nyingi stadi inakubali kwenye nati ya tatu au ya nne. Unaweza kusaidia kwa kupasha moto hedi yenyewe pembeni ya stadi kwa hita ya hewa ya moto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma: shimo la milimita 8 likipanda nyuzi joto 100, pengo linaongezeka kwa karibu mikroni 9. Ni kidogo, lakini kutu iliyoshika haihitaji zaidi ya hapo kupasuka. Moto wa gesi ya oksijeni usiuelekeze kwenye hedi. Alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka. Unaiona iko vile vile, ghafla kona imeanguka.

Kwa nafasi ilivyo kwenye Probox, swali lako la pili litakuwa kama mkono na mdomo wa mashine vinafika. Kwa stadi ya pembeni, ukitoa manifodi, ngao ya joto na chochote kinachoning'inia eneo hilo, mdomo mwembamba wa CO2 hufika. Rodi ya welding haifiki ikiwa nzima; ikate iwe fupi.

Ikiwa welding imeshindikana, au huna fundi wa kuaminika wa welding, njia inayofuata ni kusaga kipande, si kukitoboa. Tofauti ni kubwa. Biti inahitaji kusukumwa na ndiyo maana inateleza. Kichwa cha kusagia kinahitaji kasi tu. Tafuta grenda ndogo ya mkono ya mzunguko wa 20,000 na zaidi kwa dakika, na vichwa vya mviringo vya milimita 2 hadi 3 vya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma, au vya almasi. Vichwa vya almasi vinachakaa haraka kwenye chuma, nunua angalau vitano. Gusa kwa sekunde chache, ondoa, weka tone la mafuta mepesi, gusa tena. Lenga katikati ya iziauti na uichimbe kutoka ndani kwenda nje mpaka ibaki kama ganda. Ganda likipoteza kiini halina tena kinachoitanua, na mara nyingi linatoka kwa ncha ya sindano. Hesabu saa moja au mbili za kazi ya mgongo kuuma. Biti ya kabaidi nzima usiitumie na drili ya mkono: ukitikisika kidogo inakatika, na sasa una kipande cha pili kigumu kuliko cha kwanza. Ile mbinu ya kunoa biti ya zege yenye ncha ya kabaidi inafanya kazi kwenye mashine ya kusimama, bila kuwasha kigongeo, kwa mtu anayejua kunoa kwa jiwe la kijani. Ukiwa umelala juu ya injini haifanyi kazi.

Njia ya tatu inahitaji hedi itolewe. Hapo gharama inapanda: gasketi ya hedi, mafuta, kulanti (maji ya kupozea injini), kazi ya cheni ya taimingi, na bolti za hedi ambazo lazima zipimwe urefu kabla ya kurudishwa. Lakini hedi ikiwa mezani, kazi yenyewe ni ya uhakika. Karakana yenye mashine ya milingi itaibana, itaingiza kikatio cha kabaidi cha milimita 4 moja kwa moja juu ya kipande, na haitateleza kwa sababu hakuna mkono unaotikisika. Bora zaidi ni mashine ya EDM, inayokula chuma kwa cheche za umeme ndani ya maji au mafuta maalumu. Elektrodi ya shaba haigusi kabisa, kwa hiyo ugumu wa iziauti haina habari nao. Inakula kiini, tredi za hedi zinabaki salama. Uliza kwa wanaotengeneza molda za plastiki, ndio wenye mashine hizo, kuliko gereji za magari. Na si kwamba unawapelekea kazi isiyo yao: mashine za kwanza za namna hii kule Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1940, zilibuniwa hasa kwa ajili ya kutoa tepu na biti zilizokatikia ndani ya vipuri vya alumini.

Utasikia pia habari za shabu, hii hii ya mawe inayouzwa sokoni na wauza dawa za asili. Si uzushi. Maji ya shabu yaliyokolea, yakiwa ya moto karibu na kuchemka, yanakula chuma na kuiacha alumini karibu kama ilivyo. Mafundi saa wanatumia njia hiyo kutoa skrubu zilizokatika. Kwa kipuri kidogo cha alumini, kama nyumba ya thamostati au kabureta, ni njia nzuri: kizamishe kwenye sufuria ya glasi au alumini, moto mdogo, badilisha maji yanapochafuka, ondoa vipovu, na usubiri masaa mengi, pengine siku nzima au zaidi. Fanyia nje, kwa sababu gesi inayotoka ni haidrojeni. Hedi nzima ni habari nyingine. Siti za valvu, mirija inayoongoza valvu, plagi za kuzibia njia za maji, vyote ni vyuma au vina chuma, na maji hayachagui. Kwa gari lako isahau, isipokuwa hedi iwe wazi mezani, uso wa ekzosi uangalie juu, na ujenge kisima kidogo cha udongo kuzunguka shimo moja. Hata hapo, kuyaweka maji hayo yakiwa moto siku nzima ni kero kuliko nauli ya kwenda kwa mwenye EDM.

Tuseme iziauti imetoka lakini stadi imebaki. Sasa drili inarudi, lakini kwa utaratibu. Kosa lako la kwanza pengine halikuwa iziauti, lilikuwa kutoboa kwa jicho ukiwa umepinda juu ya injini. Tengeneza mwongozo. Chukua manifodi yenyewe, iwe safi, irudishe kwenye stadi nyingine na kuibana kwa nati. Peleka kipimo cha tundu lake kwa fundi wa lethi akuchongee bushi ya chuma inayoingia humo bila kucheza, yenye tundu la katikati la milimita 4, na nyingine ya milimita 5. Ukipitisha biti humo haiwezi kwenda upande. Kama manifodi inazuia mkono, tumia bati nene la milimita 10 lililotobolewa kwa kufuatisha gasketi mpya, libane kwenye stadi mbili za jirani. Drili iwe ya pembe, biti iwe fupi. Biti za kuzungukia kushoto zikipatikana ndizo za kutumia, kwa sababu mara nyingi stadi iliyokwisha kupata moto inashikwa na biti na kujifungua yenyewe njiani.

Panda kwa hatua: 3, 4, 5, kisha 6. Pima urefu wa stadi ya jirani inavyoingia kwenye hedi, weka utepe kwenye biti kwa kina hicho, na usipite. Kwenye hedi, nyuma ya shimo huwa kuna njia ya maji, na ukuta wa katikati si mnene. Ukifika 6 kwa shimo lililokaa katikati, kinachobaki ni ganda jembamba. Likunje kwa ndani kwa patasi ndogo na ulivute kwa koleo. Kisha pitisha tepu ya M8 ya hatua 1.25, kwa mkono, na mafuta, nusu mzunguko mbele na robo nyuma. Mwisho wa ukubwa kwa tredi hiyo ni biti ya 6.8, ukizidisha, tredi za alumini unazila.

Zikiwa zimeliwa tayari, weka helikoili, ile koili ya waya inayokuwa tredi mpya. Kwa M8 ya 1.25 biti ni 8.3 au 8.4, kutegemea seti yako, tepu ni ile maalumu inayokuja na seti, wala si tepu ya M9 wala ya M10 utakayoambiwa ni sawa tu. Chagua koili ndefu, ya milimita 16 kama kina kinaruhusu, la sivyo ya 12. Izungushe mpaka pete ya juu izame robo hadi nusu ya mzunguko chini ya uso wa hedi. Ikibaki juu, flanji ya manifodi itaikalia na gasketi itavuja. Kile kijimkia cha chini kivunje kwa panchi, na ukitoe kwa sumaku au kibano, usikiache humo. Shimo likiwa limekwenda upande kiasi kwamba helikoili haina ukuta, suluhisho ni bushi ya chuma yenye tredi ndani na nje, au kujaza kwa agoni na kutoboa upya. Gundi ya chuma ya kuchanganya, kwa stadi ya ekzosi, ni kupoteza jioni.

Kuhusu taka. Iziauti na stadi zinashika sumaku. Alumini na almasi hazishiki. Paka grisi kwenye biti na kwenye kichwa cha kusagia ili chembe zigande hapo, nyonya kwa bomba jembamba lililofungwa kwenye mashine ya kufyonza vumbi, na ukitumia kompresa puliza kutoka kwenye tundu kuja nje. Vitambaa vyote vihesabiwe vikitoka. Ukiwa na shaka hata ndogo kwamba kitu kimedondoka ndani, usipige stata. Toa plagi ya silinda ya nne, ingiza kamera ya waya ya simu, ile ya milimita 5.5, na uangalie juu ya pistoni. Ukikiona, zungusha injini kwa mkono taratibu kuipandisha pistoni mpaka kipande kisogee karibu na tundu la plagi, kisha ukivue kwa sumaku ya antena. Kisichoshika sumaku kivue kwa ncha ya mpira iliyopakwa grisi. Chembe ngumu ya milimita mbili ikipigwa kati ya pistoni na hedi inaweza kupinda valvu.

Huenda unajiuliza pia kama unaweza kuliacha shimo hilo bila stadi. Hapana, au kwa siku chache tu za kutafuta fundi. Stadi ya pembeni ndiyo inayozuia flanji isifunguke ikipata moto. Ikikosekana, utasikia mlio wa tik-tik asubuhi, gasketi inaungua, hewa inavutwa ndani mbele ya sensa ya oksijeni, kontroli boksi inadhani mchanganyiko ni mwepesi na kuongeza petroli. Na kwa kuwa upande huo umetazama ukuta wa dashibodi, moshi unaovuja uko karibu na mahali ambapo gari linavutia hewa ya ndani.

Wakati wa kurudisha, badilisha stadi zote na nati zake, si moja tu. Zilizobaki zimepitia moto ule ule. Paka dawa ya kuzuia kuganda inayostahimili joto kali, ya shaba au nikeli, upande wa hedi na upande wa nati. Kagua uso wa manifodi kwa rula iliyonyooka: ikiwa imepinda, ndiyo iliyokuwa inaivuta stadi ya pembeni miaka yote, na mpya itakatika vile vile; ipelekwe kusawazishwa kwanza. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa raundi mbili, mwisho takriban Nm 27 kwa spana ya torki. Washa, acha ipate moto kamili, izime, ipoe kabisa, kisha upitie nati zote tena kwa kipimo hicho hicho.